Usambara: Jina la Nchi, Jina la Milima, Jina la Viumbe

Msambaa anapozungumza lugha yake haiiti nchi yake Usambara, huiita Shambaai. Usambara ni jina lililosemwa na majirani wa pwani, likaandikwa na wageni waliopita na misafara yao, likachorwa katika ramani, na hatimaye likavishwa miti, ndege na vyura katika Kilatini cha wanasayansi. Leo jina hilo limeenea kuliko nchi yenyewe. Mjerumani asiyejua Lushoto iko wapi huenda ana chungu cha maua dirishani mwake, na maua hayo huyaita Usambaraveilchen, yaani urujuani wa Usambara. Mkata mbao wa Mlima Kenya aangushaye mti uitwao kwa Kikuyu muthaiti anaangusha, kwa hesabu ya wataalamu wa mimea, Ocotea usambarensis. Katika safari hiyo ndefu jina limepata maana mpya na kupoteza ya zamani. Ni maana hiyo ya zamani inayochunguzwa hapa, kwa kuwa inahusu swali ambalo bado halijapata jibu katika wilaya za Lushoto, Korogwe na Muheza: msitu unaishia wapi, nchi ya watu inaanzia wapi, na nani ana haki ya kuutamka mpaka huo.

Shambala, Shambaa, Usambara

Yapo maelezo mawili yanayosikika mara kwa mara kuhusu asili ya jina hili. Wa kwanza husema linatokana na kitenzi kusambaa, kwamba hawa ni watu waliosambaa milimani. Wa pili husema linatokana na shamba, kwamba hii ni nchi ya mashamba. Maelezo yote mawili yanavutia, na yote mawili yana kasoro ileile: yanaitafuta asili ya jina katika Kiswahili, ilhali wenye jina wana lugha yao.

Tuanze na kusambaa. Sauti s inayokifanya kitenzi hicho kionekane kufaa si ya wenyeji. Katika lugha yao hutamkwa sh: Shambaa, Shambaai. Sauti s iliingia katika matamshi ya pwani na katika maandishi ya wageni, na kutoka huko ikarudi milimani pamoja na Kiswahili chenyewe, hata leo wengi huandika Wasambaa na Kisambaa bila kusita. Anayesema jina limetokana na kusambaa analazimika kudai kwamba watu hawa walijiita kwa kitenzi cha Kiswahili na baadaye wakakibadili kwa matamshi yao. Jambo hilo halina ushahidi.

Hoja ya shamba nayo hukwama kwenye irabu. Kiambishi cha mahali katika Kisambaa ni -i mwishoni mwa nomino, mahali ambapo Kiswahili hutumia -ni. Mfano ulio wazi zaidi umo katika jina la mfalme mashuhuri wa karne ya 19, Kimweri ye Nyumbai, yaani Kimweri wa nyumbani. Mfano mwingine ni jina la majirani waishio kati ya milima na pwani: Wabondei ni watu wa Bondei, yaani bondeni. Basi kama asili ya jina ingekuwa shamba, mahali pangeitwa Shambai, kwa a moja. Wenyeji husema Shambaai. Irabu ile ndefu inadai maelezo, na maelezo yake yapo.

Kila mwanafunzi wa isimu ya Kibantu anajua kwamba Kiswahili kilidondosha l kati ya irabu katika maneno mengi: njala ikawa njaa, kuvala ikawa kuvaa, kukala ikawa kukaa. Lugha za milimani na za nyika ya Handeni nazo zina mwelekeo huo, ingawa si sawa kila mahali. Ndiyo maana majirani wa Wasambaa huitwa Wazigula na pia Wazigua, na milima iliyo kusini-magharibi mwao huandikwa Nguru, Ngulu na Nguu. Ukiyaweka majina haya sambamba, jina letu linakaa mahali pake lenyewe: Sambara, Shambala, Shambaa. Umbo lenye konsonanti ndilo la zamani, na a ya mwisho iliyorefuka ni alama ya l iliyokwenda zake. Karl Roehl, mmisionari wa Kijerumani aliyechapisha sarufi ya lugha hii mwaka 1911, aliiandika kwa l, kama walivyofanya wenzake wa wakati huo. (Roehl ni yuleyule ambaye tafsiri yake ya Biblia, iliyotoka kamili mwaka 1937, ilipunguza maneno yenye asili ya Kiarabu na kuweka ya Kibantu mahali pake. Yamkini sikio lake kwa Kibantu lilinolewa milimani kabla halijatumika kwa Kiswahili, na jambo hilo lingestahili utafiti wake lenyewe.)

Kwa hiyo Usambara si jina lililoharibika, kama inavyodaiwa wakati mwingine na wazee wanaoona uchungu kusikia nchi yao ikitamkwa vibaya. Ni jina la zamani lililogandishwa. Wapwani walilisikia likiwa bado na konsonanti yake, wakaibadili l kuwa r au wakaandikiwa hivyo na Wazungu, wakaongeza kiambishi U- wanachokitia mbele ya nchi zote za bara, Ugogo, Unyamwezi, Upare, kisha wakalipeleka sokoni. Johann Ludwig Krapf alipofika kwa Kimweri mwaka 1848, na tena mwaka 1852, alifika akiongozwa na watu wa pwani, na jina aliloliandika lilikuwa la kwao. Burton na Speke walipopanda mwaka 1857 hadi mji mkuu wa Vuga, Burton aliuandika Fuga. Fuga ilikufa pamoja na vitabu vya Burton. Usambara ilibaki, kwa sababu nyuma yake kulikuwa na lugha nzima ya biashara.

Shambaai na nyika

Mpaka hapa tumejibu swali la umbo la jina. Maana yake ni jambo lingine, nayo haipatikani kwa kuchambua sauti peke yake.

Katika lugha ya wenyeji, Shambaai haikuwa jina la milima kwa jinsi ramani inavyoielewa milima, yaani mawe yaliyoinuka kutoka mita fulani hadi mita fulani. Lilikuwa jina la aina ya nchi, na kinyume chake kilikuwa nyika. Nyika ni tambarare kavu ya chini, yenye joto, homa na mvua isiyoaminika. Shambaai ni juu, kwenye ubaridi, ukungu, migomba na maji yasiyokauka. Steven Feierman, mwanahistoria Mmarekani aliyeandika juu ya ufalme huu mwaka 1974, alionyesha kwamba watu hawakuutambua mpaka huu kwa urefu wa mlima bali kwa mimea. Mtu aliyetembea kutoka chini kwenda juu alijua ameingia Shambaai kwa kuangalia kilichoota kando ya njia. Vijiji vingi vilijengwa karibu na ukingo wa milima ili mtu aweze kulima migomba juu na pia kushuka nyika kwa mahindi, mawindo au chumvi, kisha arudi kulala mahali pasipo na mbu wengi.

Maana hii ina jambo moja la kuangaliwa kwa makini. Ndani yake, miti na watu hawakutenganishwa. Nchi iliitwa Shambaai kwa sababu ya uoto wake, na watu waliitwa Washambaa kwa sababu ya kukaa katika nchi ya uoto ule. Jina moja lilibeba vyote viwili. Wabondei walipata jina lao kwa njia hiyohiyo, kutoka umbo la ardhi. Lakini bonde ni bonde hata likifyekwa lote, ilhali Shambaai ikifyekwa na kukauka huanza, kwa mantiki ya jina lenyewe, kugeuka nyika.

Mwindaji na simba

Kitabu kinachotuingiza katika fikra za ufalme ule kuliko kingine chochote kiliandikwa kwa Kiswahili. Abdallah bin Hemedi 'l-Ajjemy aliishi miaka mingi katika milima hii na pembezoni mwake, akamtumikia mtawala Semboja wa Mazinde, baadaye serikali ya Kijerumani, na katika Habari za Wakilindi akakusanya simulizi za nasaba iliyotawala kutoka Vuga. J. W. T. Allen aliihariri matini yake kwa toleo lililochapishwa Nairobi mwaka 1962, na tafsiri ya Kiingereza ikafuata. Kazi hii husomwa zaidi kama historia ya kisiasa: nani alimrithi nani, nani alimwasi nani. Ikisomwa kwa jicho la mtu anayetafuta wanyama, inatoa kitu kingine.

Mwanzilishi wa nasaba, Mbegha, ni kigego, mtoto aliyeota meno ya juu kwanza, naye huondoka kwao Nguu na kuingia porini pamoja na mbwa wake. Chakula chake ni nguruwe wa mwitu. Anapopanda Shambaai anakutana na wakulima ambao mashamba yao yanaliwa na nguruwe haohao. Anawaua, anagawa nyama, na watu wanampa vyakula vya shambani. Njiani kwenda Vuga anaua simba, na tangu hapo wafalme wa Wakilindi wakasalimiwa kwa jina la Simba Mwene. Feierman ameisoma hadithi hii kama kukutana kwa nyama na mazao, pori na kijiji, mtu wa nje na watu wa ndani. Usomaji huo hauna budi kukubaliwa, lakini kuna jambo rahisi zaidi linaloweza kupotea ndani yake: uhalali wa mtawala ulianzia katika kusimamia mpaka baina ya mnyama na shamba. Hakupewa nchi kwa sababu aliumaliza msitu, wala kwa sababu aliulinda usiguswe. Alipewa kwa sababu aliufanya mpaka ukalike.

Hapa mwanafunzi wa Kiswahili hukutana na mtego. Mbega katika Kiswahili ni kima mweusi mwenye manyoya marefu meupe mabegani, naye bado anaishi katika misitu ya Usambara. Katika misitu ya Lushoto na Muheza hakuna mnyama wa mwituni anayependeza zaidi akiruka kutoka tawi hadi tawi. Je, mfalme wa kwanza aliitwa kwa jina lake? Mfanano huo peke yake hautoshi kuwa hoja. Kisambaa kina sauti gh katika jina la mfalme, na jina la mtu na jina la mnyama huweza kukutana kwa bahati. Simba wa Vuga ni jambo tofauti: lile ni jina la cheo, nalo lilitolewa kwa makusudi.

Majina ya Wajerumani

Utawala wa Kijerumani ulifika na hamu kubwa ya kutaja. Lushoto ikawa Wilhelmstal, bonde la Kaisari Wilhelm. Mlalo, ambako wamisionari wa Bethel walianza kazi mwaka 1891, ikawa Hohenfriedeberg. Huko Shume, ambako kampuni ya Wilkins na Wiese ilipasua mbao za mwangati na kuziteremsha tambarare kwa kamba za chuma kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia, paliitwa Neu-Hornow. Mwaka 1902 chuo cha utafiti wa biolojia na kilimo kilianzishwa Usambara Mashariki, na hicho, kwa sababu ambayo tungependa kuifahamu zaidi, kilibaki na jina la Kiswahili: Amani.

Majina yote yale matatu yamefutika. Mtu akimuuliza dereva wa basi Mombo nauli ya Wilhelmstal, atachekwa. Lakini Wajerumani hawakutaja mahali peke yake. Walitaja viumbe, na kanuni za kutaja viumbe haziruhusu jina lifutwe kwa kubadilika kwa serikali. Walter von Saint Paul-Illaire, ofisa wa Kijerumani wa Tanga, alituma kwao ua dogo la zambarau linaloota kwenye miamba yenye kivuli. Mwaka 1893 Hermann Wendland wa bustani ya Hannover akaliita Saintpaulia ionantha. Julius Vosseler, mwanazoolojia wa Amani, aliachiwa bundi mkubwa wa Usambara Mashariki, Bubo vosseleri, aliyeelezwa mwaka 1908, na kinyonga mmoja pia. Baada ya hapo Waingereza walifuata desturi ileile: Reginald Moreau, aliyefanya kazi Amani kwa karibu miaka 20, ana ndege mdogo wa Artisornis moreaui.

Ikifikiriwa, hali hii ni ya ajabu. Ofisa aliyetawala wilaya hana hata mtaa unaoitwa kwa jina lake mjini Tanga, lakini yumo madirishani mwa nyumba za Ulaya na Amerika. Wenyeji waliowaongoza wakusanyaji hadi kwenye mwamba ule na mti ule, na ambao bila shaka walikuwa na jina la kila walichokionyesha, hawamo popote.

Hata hivyo majina ya sayansi nayo yana historia, na katika miaka ya karibuni historia hiyo imeanza kugeuka. Mwaka 2006 wataalamu waliwatenga vinyonga wa misitu ya Afrika ya Mashariki katika jenasi yao wenyewe na kuiita Kinyongia, kutokana na neno la Kiswahili. Miaka miwili baadaye vinyonga wa Usambara ambao kwa muda mrefu walidhaniwa kuwa aina moja waligawanywa, na yule wa Usambara Magharibi, mwenye pembe mbili puani, akawa Kinyongia multituberculata. Mtalii anayepanda kutoka Lushoto kumtafuta usiku kwa tochi anataja neno la Kiswahili bila kujua. Ndege mmoja wa Usambara Mashariki ana jina la nususpishi amani. Naye Saint Paul amepungukiwa: mwaka 2015 uchunguzi wa ukoo wa mimea ulionyesha kwamba ua lake ni tawi tu la jenasi ya Streptocarpus, na Saintpaulia ikashushwa kutoka jenasi hadi sehemu ya jenasi. Bundi wa Vosseler pia anayumba. Baadhi ya wataalamu sasa humhesabu ndani ya spishi ya bundi wa misitu ya Afrika ya Magharibi na ya Kati.

Jina ambalo halijayumba ni Usambara. Kwa nini limeng'ang'ania hivyo? Sababu ni milima yenyewe. Misitu hii ni sehemu ya Tao la Mashariki, jina alilolitumia Jon Lovett mwaka 1985 kuieleza milima ya kale inayonyeshewa kwa upepo wa Bahari ya Hindi, kuanzia Taita nchini Kenya hadi Udzungwa. Kwa mamilioni ya miaka mvua hiyo haikukatika, hata pale misitu ya tambarare iliponyauka na kuiacha kila safu ya milima peke yake kama kisiwa. Kiumbe kisichoweza kuvuka nyika kikabaki kilipo na kugeuka kivyake. Bonde la Lwengera, linalozitenga Usambara Mashariki na Magharibi, linatosha kuwafanya vinyonga wa pande mbili wawe aina tofauti. Ndege Sheppardia montana anaishi Usambara Magharibi tu, katika misitu ya juu kama Magamba na Shagayu. Chura Parhoplophryne usambarica anajulikana kwa kielelezo kimoja kilichokusanywa Amani mwaka 1926. Sayansi ya Ulaya ilipofika hapa ilikuta, bila kutarajia, kwamba mpaka wa Shambaai na nyika, ambao wenyeji waliutambua kwa mimea, ulikuwa mpaka wa kweli wa viumbe.

Kuhifadhi na kuzifya

Sheria ya kwanza ya kikoloni ya kuitenga misitu ilitolewa na Wajerumani mwaka 1904. Tangu hapo, kila mamlaka iliyofuata iliongeza mipaka, vigingi na aina mpya za misitu. Kiwango cha juu kabisa cha ulinzi chini ya sheria ya misitu sasa huitwa hifadhi ya mazingira asilia. Amani ilikuwa ya kwanza kutangazwa, mwaka 1997, ikiwa na hekta 8,380. Nilo, pia Usambara Mashariki, ilifuata mwaka 2007. Usambara Magharibi ilisubiri hadi mwaka 2014, Magamba ilipopandishwa hadhi, ikiwa na zaidi ya hekta 9,000 juu ya mji wa Lushoto. Usambara Mashariki ilikuwa tayari imetambuliwa na UNESCO mwaka 2000 kuwa hifadhi hai ya dunia. Msitu wa Mazumbai uko chini ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo.

Neno lenyewe hifadhi linahitaji kuangaliwa. Limetoka Kiarabu, na kwa Mswahili wa zamani kuhifadhi kulikuwa zaidi ya yote kuweka moyoni: mtoto alihifadhi Kurani, mzee alihifadhi utenzi. Kilichohifadhiwa hakikufungiwa, kilikuwa ndani ya mtu, naye alikitamka kila siku. Matumizi ya neno hili kwa ardhi yenye mipaka, ambayo mtu haruhusiwi kuingia bila kibali, ni mapya. Yameizoea masikio yetu kiasi kwamba hatuoni umbali uliopo kati ya maana hizi mbili.

Kisambaa kilikuwa na kitenzi kingine. Feierman, katika kitabu chake cha mwaka 1990 juu ya wakulima wenye fikra, ameeleza jozi ya maneno ambayo siasa ya milima hii ilizunguka kwayo kwa zaidi ya karne: kuzifya shi na kubana shi. Shi ni nchi. Kuzifya shi ni kuiponya nchi, kuifanya ikae vizuri, mvua inyeshe kwa wakati, migomba izae. Kubana shi ni kuiharibu. Mfalme aliyekuwa na nguvu kuwashinda wapinzani wote aliizifya nchi. Wenye nguvu wawili waliposhindana bila mshindi, nchi ilibanwa na njaa ikaja. Kwa fikra hii hali ya mimea na mvua haikuwa suala la ufundi. Lilikuwa swali la nani anatawala na kwa uhalali gani.

Ndiyo maana mradi wa Waingereza wa kuokoa udongo, ulioanza katika bonde la Mlalo mwaka 1946 na kupanuliwa baadaye milimani, ulishindwa vibaya sana. Maofisa waliona mmomonyoko, na kwa hilo hawakukosea. Wakaamuru matuta yachimbwe kwenye miteremko, na wasiochimba waadhibiwe. Walidhani wanazungumza juu ya udongo. Wakulima walisikia mtu akijitwalia haki ya kusema nchi ni ya nani, tena kwa kazi ya kulazimishwa iliyowaangukia hasa wanawake na wenye ardhi haba. Hadi kufikia mwishoni mwa miaka ya 1950 mradi ulikuwa umeachwa, na upinzani dhidi yake ulikuwa umeingia katika mkondo wa harakati za uhuru.

Isidhaniwe kwamba mafunzo hayo yanaelekea upande mmoja tu. Wapo wanaosema, kwa wepesi mno, kwamba misitu ingalikuwa salama kama serikali isingeigusa. Historia haiwaungi mkono. Wakulima wa iliki walifyeka uoto wa chini wa misitu ya Usambara Mashariki kwa miaka mingi, na kivuli cha miti mikubwa kilichobaki kiliwadanganya watazamaji wa mbali kwamba msitu ungalipo. Serikali huru nayo, kwa msaada wa Ufini, ilivuna magogo ya Usambara Mashariki hadi nusu ya pili ya miaka ya 1980, ndipo kelele za wanasayansi zikaisimamisha. Bila mipaka iliyowekwa baada ya hapo, huenda leo tungekuwa tunaandika tanzia ya viumbe kadhaa vilivyotajwa humu. Hilo ni deni, na halina budi kukiriwa.

Lakini deni la upande wa pili nalo lipo. Ushoroba wa Derema ulipotengwa ili kuunganisha misitu karibu na Amani, wakulima walilipwa fidia ya mimea yao ya iliki. Fidia ya mimea ni hesabu inayowezekana: miche mingapi, bei gani. Swali lililobaki nje ya hesabu ni lile la zamani, la kuzifya: kama nchi hii inaponywa, inaponywa na nani, na je, anayeiponya yumo ndani yake au amesimama nje ya kigingi? Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 ilifungua mlango kwa kuruhusu usimamizi wa pamoja na misitu ya vijiji, na mahali ambapo kijiji kimepewa sauti ya kweli, si mihuri tu, mazungumzo yamekuwa tofauti.

Kwa wanaisimu kuna kazi iliyo wazi, nayo haisubiri. Mpaka wa Shambaai ulitambuliwa kwa majina ya mimea, na majina hayo yamo katika Kisambaa. Mkulo ni ule Ocotea usambarensis. Kijana wa Lushoto anayezungumza Kiswahili tangu chekechea huenda anaujua mti kwa kuuona na asijue jina hilo, au ajue jina na asiwahi kuuona mti, kwa kuwa mikulo mikubwa imebaki ndani ya hifadhi. Majina ya uoto wa chini, ya nyasi za ukingoni na ya mimea iliyomwonyesha msafiri kwamba ameiacha nyika, yako katika hatari kubwa zaidi, maana hakuna mpasua mbao aliyeyahitaji wala mtalii anayeyauliza. Orodha za mimea zilizopo zilikusanywa zaidi na wataalamu wa misitu, ambao waliandika jina la kienyeji kama nyongeza ya jina la Kilatini. Inahitajika orodha inayoanzia upande wa pili: jina kwanza, kisha mahali linapotumika, linatofautishwa na lipi, na lilimwambia nini mtu aliyelitamka.

Inafaa pia kuangalia ni majina yapi yaliyochaguliwa pale serikali ilipotangaza hifadhi hizi tatu za mazingira asilia. Amani ni la Kiswahili. Nilo na Magamba ni ya milima na misitu iliyoitwa hivyo na watu wa karibu nayo. Hakuna hata moja iliyopewa jina la Usambara.